Niseme nikaahirishwa, au ninyamaze nilale tena juu ya ile meza?

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina mume na mtoto mmoja wa kike, ni fundi cherehani hapa Tanga. Nakuandikia usiku baada ya kufunga kazi, maana mchana kibaraza kinajaa wateja, sipati nafasi ya kulia seuze ya kuandika.

Nina uvimbe kwenye kizazi. Ultrasaundi imeonyesha tumbo limefika kama la mimba ya miezi mitano, na nimepangiwa upasuaji wiki tatu kutoka leo. Hedhi inakwenda siku tisa, na siku mbili za kwanza siketi kwenye cherehani bila kutandika kanga iliyokunjwa mara nne. Mwezi uliopita walinipima wingi wa damu ikawa 8.4. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikameza wiki moja nikaviacha kwa sababu vilinifunga choo.

Lakini uvimbe sio unaoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni huo usingizi wenyewe.

Tangu utoto viungo vyangu ni kama mpira. Dole gumba nalilaza mpaka linagusa mkono. Madrasa wenzangu walikuwa wananipa ubuyu niwaonyeshe. Nilipokua utani ukaisha. Bega la kulia limeteguka sijui mara ngapi, mara ya mwisho nikishusha jora la kitambaa kutoka rafu ya juu. Mwaka jana nilipiga mwayo mbele ya mteja, taya likatoka, nikabaki mdomo wazi mpaka mume wangu akaitwa. Mkasi mzito siushiki tena. Na tangu darasa la saba nikisimama sana nazimia: paredi, foleni ya benki, msibani.

Mdogo wangu anaishi Muscat na mumewe. Mwaka juzi madaktari wa huko walimwambia ana ugonjwa unaoitwa Ehlers-Danlos, ule wa viungo kulegea, pamoja na POTS, yaani moyo kwenda mbio mtu akisimama. Akanipigia simu ya video: "Dada, hebu inama uweke viganja chini bila kukunja magoti." Nikaweka. Akaanza kulia. Nikajichanga nikaenda kwa daktari mmoja Dar. Alinipima viungo akanipa 7 kati ya 9. Akanilaza, mapigo yakawa 74. Akanisimamisha dakika kumi, yakawa 118. Akaniandikia karatasi na propranolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, nusu kidonge asubuhi na jioni, akasema ninywe maji lita mbili hadi tatu kwa siku na niongeze chumvi. Mama mkwe aliposikia chumvi akaficha kopo. Anasema nitapata presha nimwachie mjukuu.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2019 nilijifungua kwa upasuaji, wakanichoma sindano ya mgongo. Aliyenichoma akanipitishia tumboni pamba yenye spiriti, akauliza, "Husikii baridi, eti?" Nilisikia, mama. Ilikuwa baridi kama barafu ya kwenye mfuko. Lakini alikuwa ameshageuka anaongea na wenzake, na swali lenyewe lilikuja na jibu lake, nikasema, "Sisikii." Kisu kilipopita nilikisikia. Si kuguswa, ni kukatwa. Nilipopiga kelele nikaambiwa nisisumbue, ni kuvutwa tu. Nilishika aproni ya nesi nikaivuta mpaka kamba ikakatika. Kisha nikachomwa dawa kwenye dripu, sikumbuki tena. Siku ya pili kichwa kikaanza: nikikaa kinapasuka, nikilala kinatulia. Siku sita nilinyonyesha nikiwa nimelala. Wakasema ni kawaida ya wazazi.

Hata jino. Nilichomwa ganzi sindano nne na bado nikasikia, daktari wa meno akaniambia mimi mwoga.

Hapa nilipo nimevurugwa. Mdogo wangu amenitumia kurasa kumi na mbili za mtandaoni, anasema nikatae kabisa sindano ya mgongo, nidai nusukaputi. Nilipompelekea daktari wa upasuaji ile karatasi ya Dar, alisoma mstari mmoja akacheka: "Haya magonjwa ya Wazungu, dada. Wewe una uvimbe." Mume wangu, ambaye ameuza pikipiki yake ya kazi ili hela hii ipatikane maana bima hatuna, ananiambia, "Usiwape sababu ya kukuahirisha." Shemeji anasema twende Muhimbili. Mama mkwe ana mizizi yake ameshaichemsha. Na mimi mwenyewe nusukaputi naiogopa kuliko kisu. Nahisi nitalala nisiamke.

Nikisema, watanicheka au watanikataa. Nikinyamaza, yatanikuta yale yale. Nifanyeje?

Fundi Cherehani, Tanga


Marahaba mwanangu.

Kabla sijaanza kujibu barua hizi nilikuwa muuguzi wa thieta, miaka mingi. Ile pamba yenye spiriti nimeishika mwenyewe, na nimeuliza vile vile ulivyoulizwa: "Husikii, eti?" Wakati mwingine nimeuliza huku natazama saa ya ukutani. Kwa hiyo pokea pole yangu, na ujue inatoka kwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza. Daktari wa usingizi sijawahi kuwa, na kwa barua simpimi mtu. Nitakueleza ninayoyajua, na mengine nitakuuliza.

Nikuelewavyo, umefika mahali unaona milango miwili tu. Mmoja umeandikwa "sema ukataliwe", wa pili umeandikwa "nyamaza uumie". Humo ndani umevichanganya vitu ambavyo mimi ningependa tuvitenganishe kama unavyotenganisha vipande kabla ya kuunga: ugonjwa wako ni nini hasa, ganzi gani inakufaa, nani aambiwe, na ile pikipiki iliyouzwa.

Niruhusu nianze na jambo ambalo huenda hutalipenda. Damu yako ni 8.4. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 tunasema ana upungufu, na wewe uko chini sana. Sasa, mtu mwenye upungufu wa damu kiasi hicho, akisimama, moyo wake nao hukimbia. Lazima ukimbie, damu ni chache na mwili unaitaka ifike kichwani. POTS husemwa mtu mzima akipandisha mapigo 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama bila presha kushuka sana, na sababu nyingine kama upungufu wa damu ziwe zimeangaliwa. Wewe umepanda 44. Je, siku ile Dar walikupima damu? Barua yako haisemi. Sisemi huna POTS. Kuzimia paredini ukiwa darasa la saba kulikuja kabla ya uvimbe huu, na mdogo wako wa tumbo moja anayo. Inawezekana unavyo vyote viwili, kimoja kimempanda mwenzake mgongoni. Lakini hicho cha damu kinatibika, na kinatibika kabla ya kisu.

Vile vidonge vilivyokufunga choo, usiviache kimya kimya. Rudi ukaseme. Kuna wanaoandikiwa kumeza siku moja wakaruka siku moja, tumbo likapata nafuu. Kuna madini ya chuma ya kupitia kwenye mshipa, pale yanapopatikana. Kuna na vidonge vya kupunguza damu ya hedhi wakati unasubiri. Upasuaji wa uvimbe wa kizazi unaweza kumwaga damu nyingi, na watu wenye viungo vyako huvuja na kuvilia damu kirahisi hata vipimo vya kuganda vikiwa sawa. Ukiingia na 8.4 huna akiba. Swali hili mpelekee daktari wako wa upasuaji, hili hawezi kulicheka: "Damu yangu ikiwa hivi, tunasubiri au tunaendelea?" Kusubiri nako kuna gharama yake, maana kila mwezi siku tisa zinakuchota. Wapo watakaokuambia wiki chache za dawa zinatosha kubadilisha namba, wapo watakaotaka damu ya kuongezewa iwe tayari. Na ndugu wa kutoa damu waambie leo, wasisubiri asubuhi ya siku yenyewe wakaja wamekunywa chai ya rangi tu na presha imepanda kwa wasiwasi.

Hilo la "magonjwa ya Wazungu". Wazungu walichofanya ni kuupa jina. Edvard Ehlers alikuwa daktari wa Denmark, akauelezea mwaka 1901. Henri-Alexandre Danlos, Mfaransa, akafuata mwaka 1908. Watu wa viungo vya mpira sisi tunao siku zote, wengine tukiwalipa kiingilio kwenye sarakasi. Kolajeni ndiyo uzi unaoshikilia ngozi, kano, mishipa ya damu na kuta za tumbo, na kwenu uzi huo una lastiki nyingi kupita kiasi. Wewe unajua kuliko mimi: kitambaa kinachovutika hukishoni kwa sindano ya kitambaa cha suruali, wala hukivuti kwa nguvu wakati wa kushona, ukikiachia kinajikunja. Mpasuaji anayejua hilo hushona kwa namna nyingine na huacha nyuzi zikae muda mrefu zaidi.

Tangu mwaka 2017 wataalamu wameugawa ugonjwa huu katika aina 13. Wa kwenu, wa viungo kulegea, ndio uliozoeleka zaidi, na hauna kipimo cha damu. Hujulikana kwa kumpima mtu kwa mikono na kumsikiliza historia yake. Ila upo wa aina ya mishipa ya damu, ambao ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mishipa mikubwa inaweza kupasuka, na huo hubadilisha mpango wote wa upasuaji. Kwa hiyo nakuuliza kama daktari wa Dar alivyopaswa kukuuliza: kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana kwa kupasuka mshipa au utumbo, au mama aliyepasuka kizazi akijifungua? Kama yupo, hilo liseme kabla ya mengine yote, na usikubali kusubiri siku ya upasuaji ndipo uliseme. Kama hayupo, vuta pumzi.

Tuje kwenye kurasa kumi na mbili za mdogo wako. Nampenda mtoto huyo hata bila kumwona. Lakini naona amekutoa kwenye hofu moja akakuweka kwenye nyingine. Kwamba ganzi hushika vibaya kwa baadhi ya watu wenye viungo kama vyenu, ni kweli. Watafiti wameliandika tangu miaka ya 1990, na hasa ni ile ganzi ya kuchomwa sehemu ndogo, kama ya jino. Zile sindano nne na lile neno "mwoga" sasa zina maelezo. Sindano ya mgongo lakini si ganzi ya jino. Wapo wenye ugonjwa huu ambao imewashika vizuri kabisa, na wapo watu wasio na ugonjwa wowote ambao imewakataa, kwa sababu dawa ilikwenda pembeni au kisu kiliwahi kabla haijapanda. Mwaka 2019 kwako ilikuwa lipi? Huenda ni mwili wako. Huenda ni haraka ya watu. Mimi kwa jinsi ulivyoisimulia ile pamba, haraka ilikuwepo.

Sindano ya mgongo ina jambo jingine linalokuhusu. Haizimi maumivu tu. Inazima pia zile neva zinazoiamuru mishipa ya miguuni ibane. Mishipa ikilegea, damu inatuama chini, presha inaporomoka. Kwa mtu ambaye mishipa yake tangu zamani ni mizito kubana, inaweza kuporomoka kwa kasi. Hilo lina dawa, na dawa zenyewe zinatofautiana: nyingine hupandisha presha pamoja na mapigo, nyingine hubana mishipa bila kuuchochea moyo. Anayejua hali yako ana nafasi ya kuchagua na kukujazia maji ya dripu mapema. Asiyejua atachukua iliyo karibu na mkono. Na kile kichwa cha siku sita, kinachouma ukikaa na kutulia ukilala, kina jina lake: ni maji ya uti wa mgongo yanayovuja kwenye tundu la sindano. Huwapata na wengine, lakini kwenye ngozi laini ya ndani kama yako tundu linaweza kuchelewa kuziba. Sindano nyembamba yenye ncha ya penseli hupunguza hilo. Na likitokea na kuzidi, kuna tiba ya kuchukua damu yako mwenyewe mkononi na kuichoma mgongoni izibe. Hukupaswa kuambiwa ni kawaida ya wazazi. Wazazi wangapi hunyonyesha wamelala siku sita?

Basi tukimbilie nusukaputi? Hebu nikupeleke ndani kidogo. Ukishalala, mtu huinua taya lako kwa vidole vyake ili hewa ipite, hufungua mdomo wako, hurudisha kichwa nyuma, aingize mpira wa kupumulia. Taya hilo ndilo lililotoka kwa mwayo. Kisha ukipewa dawa ya kulegeza misuli, kumbuka kwamba misuli ndiyo inayokushikia viungo vyako mchana kutwa, kwa sababu kano zako hazishiki. Ikilala misuli, hakuna mlinzi. Nimeona mabega yakitoka, si wakati wa kupasua hata kidogo, ni wakati wa kumhamisha mgonjwa kutoka mezani kwenda kwenye kitanda cha magurudumu, mtu mmoja amevuta mkono. Ukiwa macho kwa ganzi ya mgongo ungesema "bega langu". Ukiwa umelala husemi. Na ketamini, dawa ya kulaza ambayo hospitali zetu nyingi huitegemea, huharakisha mapigo. Si sumu kwako, ila anayeitumia ajue moyo wako ulivyo. Hofu ya kutoamka wanayo wengi, hata madaktari wakilazwa wao. Kinachonituliza mimi ni kwamba pale kichwani mwa meza hukaa mtu ambaye kazi yake ni wewe tu: pumzi yako, presha yako, na kile kibanio cha kidoleni kinacholia mapigo. Nusukaputi inaweza kuwa njia nzuri kwako. Sindano ya mgongo inaweza kuwa njia nzuri kwako. Ipo na njia ya kuanza na ya mgongo, ikajaribiwa polepole, nusukaputi ikiwa imeandaliwa pembeni. Sioni kurasa kumi na mbili zinawezaje kuamua hilo bila kukutazama mdomo ukifunguka.

Sasa nani aambiwe. Umepeleka karatasi kwa mpasuaji. Je, mtoa usingizi umeshamwona? Barua yote hujamtaja, isipokuwa kama mtu aliyegeuka kuongea na wenzake. Huyo ndiye wako. Si lazima awe daktari bingwa. Kwenye hospitali nyingi ni muuguzi au tabibu aliyesomea usingizi, na wengine wana mikono ya dhahabu. Omba kuonana naye wiki hii, si asubuhi ya upasuaji. Mumeo anaogopa kuahirishwa, na ana haki, pikipiki ni pikipiki. Lakini kuahirishwa wiki tatu kabla ni mazungumzo. Kuahirishwa ukiwa umeshalala wodini, umefunga, damu imeshatolewa na ndugu, mapigo yako yanasoma 140 na hakuna anayejua kwa nini, hiyo ndiyo hasara.

Na utasemaje? Hapa nina ushauri wa mtu aliyeona karatasi nyingi zikichekwa. Jina la ugonjwa liweke mwisho. Jina geni linamfanya mtu ajitetee. Akiwa halijui, njia rahisi ni kucheka. Yaliyokutokea hayana ugeni. Chukua nusu karatasi, uandike hivi:

"Mwaka 2019 sindano ya mgongo haikushika, nilisikia kukatwa. Baada yake kichwa kiliuma siku sita nikikaa tu. Kung'oa jino: sindano nne za ganzi, bado nilisikia. Taya langu hutoka nikipanua mdomo. Bega la kulia huteguka. Nikisimama mapigo hutoka 74 hadi 118 na nimewahi kuzimia. Natumia propranolol nusu asubuhi na jioni. Damu mwezi uliopita 8.4. Daktari aliyenipima Dar anasema ni Ehlers-Danlos na POTS."

Kama ngozi yako hutoka na plasta, ongeza, ili wasikubandue nayo. Kama shingo hukuuma au mikono hufa ganzi ukigeuza kichwa, ongeza, hilo ni muhimu kwa anayetaka kukirudisha kichwa nyuma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya usalama wa upasuaji, na kabla mgonjwa hajalazwa usingizi inauliza kuhusu mzio, kuhusu njia ya hewa kuwa ngumu, na kuhusu hatari ya kupoteza damu zaidi ya mililita 500. Nusu karatasi yako inajibu maswali mawili kati ya hayo matatu. Kwa hiyo hujiongezei umuhimu, unawajazia fomu yao.

Muulize mtoa usingizi pia mambo madogo, ambayo ndiyo hayasemwi. Unaweza kuwa wa kwanza asubuhi? Wengi huambiwa wasitie kitu mdomoni tangu usiku wa manane, na wakiwa wa mwisho hukaa hadi alasiri wamekauka; kwa mwili wako hilo peke yake linatosha kukuangusha. Miongozo mingi ya usingizi inaruhusu maji matupu mpaka masaa 2 kabla, chakula masaa 6. Akikukubalia, kunywa maji yako. Akikataa, uliza kama dripu inaweza kuanza mapema. Propranolol usiiache kwa uamuzi wako, muulize kama uimeze asubuhi ile. Na mizizi ya mama mkwe, kama umeshaionja, itaje. Sikutanii. Zipo zinazochezea damu na presha, na mtoa usingizi anahitaji kujua nini kimo ndani ya mwili anaoulaza.

Anaweza kukuambia, "Hapa hatuna uwezo na hali hii." Najua utasikia umekataliwa. Mimi nikisikia hivyo kwa mtoa usingizi huwa naheshimu. Aliyekiri kikomo chake mbele yako amekuokoa na mengi. Hapo wazo la shemeji la Muhimbili linakuwa na uzito: mabingwa wa usingizi, chumba cha uangalizi maalumu, benki ya damu. Lina uzito na upande wa pili: nauli, foleni, mahali pa kulala anayekuuguza, vipimo kurudiwa, na hedhi mbili tatu nyingine njiani. Anaweza pia kusema, "Nimekuelewa, tutafanyia hapa, tutajiandaa hivi na hivi," na wewe utajua kwa macho yake kama amekuelewa au anakupoza. Akikucheka naye, basi hilo nalo ni jibu la kupima. Siwezi kukupimia nikiwa huku.

Jambo la mumeo. Nenda naye. Na kabla hujaenda naye, nina swali ambalo limenikaa tangu nilipoisoma barua: anajua? Anajua kwamba ulisikia kisu? Unaniambia mimi, mtu usiyemjua, kwamba ulikata kamba ya aproni ya nesi. Pengine yeye anajua tu kwamba mlipata binti mzuri na mama akaumwa kichwa. Mtu anayesema "usiwape sababu" huenda hajawahi kupewa sababu yenyewe.

Kopo la chumvi lisiwe vita. Chumvi uliyoandikiwa ilikuwa ya mtu mwenye hali yako, na mama mkwe anaogopa kwa sababu pengine amezika watu wa presha. Kipimo cha presha kipo kwenye maduka mengi ya dawa. Pima mbele yake, umwonyeshe namba. Akiona iko chini, kopo litarudi lenyewe jikoni. Ikiwa iko juu, basi alikuwa na hoja na urudi kwa daktari.

Nikurudishe kwenye ile pamba. Sikulaumu hata chembe kwa kusema "Sisikii". Ulikuwa na uchungu, umelala chali, nusu uchi, na mtu ameshakujibia. Nashangaa tu, wewe mwanamke unayemwambia mteja usoni kwamba kitambaa alicholeta hakitoshi gauni, nani alikufundisha kwamba mwili wako ukipimwa usibishe? Sitaki unijibu mimi. Ila nyumbani, mwambie mumeo akupitishie barafu mkononi huku akiongea na simu, nawe umkatize: "Nasikia baridi. Bado. Ngoja." Sema mpaka ageuke akutazame. Rudieni mara mbili tatu kila siku, wiki zote hizi tatu.